Kitambi cha mawazo

Fundi alinizungushia futi kiunoni, akaivuta, akailegeza, akaivuta tena. Tulikuwa Base Camp, Nakivale, chini ya turubai la kibanda chake, cherehani ya miguu mbele yake na rundo la vitenge ubavuni. Suruali niliyompelekea kama kipimo aliishona mwenyewe mwaka juzi, na daftari lake lenye namba za wateja lilikuwa wazi mezani, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kubishana. "Papa," akasema, kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho sitakinyoosha nisije nikakiharibu, "hii haitakuingia tena. Tumbo iliongezeka. Na hii si tumbo ya nyama. Ni ya mawazo."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walicheka, nami nikacheka. Mtu akipimwa tumbo hadharani atafanya nini tena?

Pwani nilikosomea, mawazo ni maoni, ni fikra, ni kitu ambacho mgeni rasmi huombwa atoe mkutanoni. Nakivale mawazo ni maradhi. Mtu "ana mawazo" kama mwingine alivyo na malaria: halali, anasahau sufuria motoni, anaitwa mara tatu ndipo aitike. Wengine wanakonda. Wengine, na hao ndio wanaoshangaza majirani, wanaota kitambi huku mgao wa chakula ukizidi kupungua. Majirani hunong'ona kwamba lazima kuna ndugu Marekani anayetuma dola. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza kadiri nilivyoweza, na naona fundi alipatia. Hakumaliza tu.

Kwa msomaji ambaye hajafika: Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea watu waliokimbia Rwanda, na leo ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea wanakutana sokoni, na mara nyingi lugha inayowauzia na kuwanunulia ni Kiswahili. Hakuna hata mmoja aliyefika pale kwa starehe.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia. Ukishtuka, iwe kwa mlio wa risasi au kwa simu ya saa nane usiku kutoka Goma, ubongo unatuma ujumbe na tezi hizo zinamwaga adrenalini, kisha kotisoli. Adrenalini ndiyo inayopeleka moyo mbio, nayo huja na kuondoka upesi. Kotisoli ina subira zaidi. Inaliamuru ini litoe sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu za kukimbia, inaahirisha shughuli zisizo za haraka, na hatari ikishapita inaamsha hamu ya kula ili akiba iliyotumika irudi ghalani. Kwa mtu aliyekimbia kweli, mpango huo hauna kasoro. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akingoja jibu la kupelekwa nchi ya tatu, mwaka wa sita sasa, sukari imetolewa na hakuna aliyekimbia. Insulini inapanda kuirudisha, na sehemu yake inaweza kurudi kama mafuta.

Kwa nini yakae tumboni, yasiende kwenye mapaja? Kwa sababu mafuta yaliyozunguka matumbo na ini yana vipokezi vingi zaidi vya kotisoli kuliko mafuta ya mapajani. Isitoshe, ndani ya mafuta kuna kimeng'enya kinachochukua kotisoli iliyolala na kuiamsha upya, kwa hiyo kitambi kikishaota kinajipikia homoni yake papo hapo. Mafuta hayo yako jirani na mshipa unaoingia kwenye ini, na kile yanachomwaga ini ndilo linalokipokea kwanza. Ndiyo maana tangu 1947, daktari Jean Vague wa Marseille alipoeleza kwamba unene wa tumboni una madhara kuliko ule wa nyonga, wamekuwapo madaktari wanaouliza mafuta yamekaa wapi kabla ya kuuliza mtu ana kilo ngapi. Kisukari, presha na maradhi ya moyo hufuata tumbo kuliko mizani.

Anayetaka kuona kazi ya homoni hii kwa macho asiende mbali. Mwaka 1932 daktari wa Marekani Harvey Cushing alieleza habari za wagonjwa waliokuwa na uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo: uso umeviringika kama mwezi, tumbo limejaa, mikono na miguu imebaki myembamba, presha iko juu. Baadaye ilifahamika kuwa miili yao ilifurika kotisoli. Leo sura hiyo hiyo utaikuta sokoni, kwa hiari ya mwenyewe. Katika miji ya Congo, na si Congo tu, wako wanawake kwa wanaume wanaonunua vidonge vya deksamethasoni ili wanenepe, mashavu yajae, wapendeze. Dawa hiyo ni pacha wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani, tena mwenye nguvu mara nyingi zaidi. Inaokoa maisha ikitolewa na daktari kwa sababu maalumu. Ikimezwa kila siku kwa ajili ya mashavu, inaleta tumbo, sukari, presha na mifupa dhaifu, na zile tezi za juu ya figo zinalala kwa kukosa kazi. Kwa hiyo aliyezoea kuimeza asiiache ghafla kwa kusoma gazeti. Aende kituo cha afya, aseme ukweli wote, apunguziwe taratibu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu, nami nilikosea. Nilipojua kisa cha homoni nilijisikia nimesamehewa: kumbe si chapati, ni kotisoli! Lakini kotisoli haifinyangi mafuta kutoka hewani. Inabadilisha unachotamani, saa unayokula, na mahali chakula kinapohifadhiwa. Chakula chenyewe lazima kipite mdomoni. Nchini Uingereza watafiti walipima kotisoli katika nywele za watu zaidi ya 2,500 wa makamo na wazee, wakatoa matokeo 2017: wenye kotisoli nyingi walielekea kuwa na viuno vipana. Je, msongo ulileta tumbo, au tumbo lilileta msongo? Utafiti wa namna hiyo hauwezi kujibu. Na anayekuuzia kwenye simu majani ya "kushusha kotisoli" anajua kidogo kuliko huo utafiti.

Nywele ni shahidi mzuri, tukubali. Hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi na kotisoli hubaki ndani yake, hivyo sentimita tatu ni daftari la miezi mitatu. Hapa Uganda nako zilipimwa. Utafiti uliochapishwa 2011 ulilinganisha watu waliopitia vita, wenye maradhi ya kiwewe na wasio nayo. Wenye kiwewe walikuwa na kotisoli nyingi zaidi nyweleni. Walikuwa watu wachache, hawafiki 30, na tafiti nyingine za kiwewe zimekuta kinyume, kotisoli iko chini. Mwili uliochapwa miaka mingi haufuati kitabu.

Lakini kwamba Nakivale pana kiwewe, hilo lilipimwa zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, wakiwa na wenzao wa Uganda, walifanya kazi ndani ya makazi haya mwanzoni mwa karne hii na kukuta karibu theluthi ya Wanyarwanda na karibu nusu ya Wasomali waliohojiwa wana maradhi hayo. Wakafanya jambo lililonivutia kuliko namba zote. Walichagua wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari, wakawafundisha kwa wiki chache kumsaidia mwenzao asimulie maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mabaya na mazuri, mpaka hadithi ikae mahali pake. Matokeo yalichapishwa 2008, wagonjwa 277 wakiwa wameshiriki: baada ya miezi kadhaa, kama 7 kati ya kila 10 waliosaidiwa kusimulia hawakuwa tena na maradhi. Hakuna aliyepima viuno vyao, na sitadai kwamba vilipungua. Ninachosema ni kwamba mawazo yanatibika, na Nakivale ilishaonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na jirani.

Turudi jikoni. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda hadi asilimia 70. Mwaka uliofuata ukashuka hadi 60. Mwaka 2023 watu wakagawanywa makundi kwa kadiri ya shida zao, na waliohesabiwa kuwa wanajimudu wakatolewa kabisa. Mei 2025 shirika likasema limewakatia msaada watu milioni moja kwa kukosa fedha. Sipendi makala zinazozungumzia lishe bora kama vile kila msomaji ana friji, kwa hiyo naliweka hili wazi: watu wengi Nakivale tatizo lao ni kupata, si kupunguza. Na tumbo la mtoto lililovimba huku mikono ikiwa kama vijiti si kitambi. Ni minyoo au utapiamlo, apelekwe hospitali leo.

Hata hivyo uhaba una namna yake ya kunenepesha tumbo la mtu mzima. Mama mmoja wa Kikongo nilikaa naye kutwa, akaniruhusu niandike alichokula. Asubuhi: chai ya rangi, sukari vijiko vitatu. Saa saba mchana: chai tena, vijiko vitatu, na nusu ya chapati aliyomkatia mjukuu. Hapo katikati alikuwa amechota maji, amelima mistari minne ya mahindi, amesimama foleni saa mbili. Saa tatu usiku watu wote wamerudi, ndipo kikaja chakula: bugali mlima mzima, sombe (kisamvu) kidogo iliyopikwa kwa mawese, maharagwe vijiko viwili. Alikula kwa haraka, kichwa chini, kama mtu anayelipa deni. "Mchana siwezi kula," aliniambia, "mawazo inafunga roho. Usiku ndiyo njaa yote inakuja pamoja." Saa nne akalala. Saa nane alikuwa macho, anahesabu.

Kila kitu kiko kwenye siku hiyo moja. Hofu hufunga tumbo mchana, kisha usiku inadai kwa riba, na inachodai ni wanga na utamu. Sukari aliyotia kwenye vikombe viwili ni vijiko sita, yaani karibu gramu 25, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asikizidi kwa siku nzima. Halafu usingizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana wenye afya kwa muda wa saa nne tu, usiku mbili. Homoni inayosema "nimeshiba" ikashuka kwa asilimia 18, na ile inayosema "nina njaa" ikapanda kwa asilimia 28. Usiku mbili tu. Huyu mama halali vizuri tangu alipokimbia.

Mbarara mambo yanavaa nguo nyingine. Ukishuka kwenye taksi (Waganda huita matatu taksi, mgeni usishangae) unakuta mji wa maziwa na matoke, wenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia tangu 1989 na hospitali ya rufaa ambayo wagonjwa wa Nakivale hupelekwa. Katika vibanda vya chakula utasikia "chakula" na "sosi" kama vitu viwili: chakula ni matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, viazi na karo (ugali wa ulezi), vyote katika sahani moja, sosi ni maharagwe au nyama, na huja kwenye kibakuli kisichotosha kikombe. Yaani wanga tano na mboga haijulikani ilipo. Karani anakula sahani hiyo saa saba, anarudi kukaa, mkopo wa SACCO unamkaba koo, karo ya shule hiyo hapo, na jioni anapata chupa mbili za bia "kuondoa mawazo". Neno ni lile lile la Nakivale.

Dereva wa boda ndiye anayenisikitisha zaidi. Anakaa juu ya pikipiki saa kumi na mbili, anaogopa ajali, anaogopa polisi, anamwogopa mwenye pikipiki anayetaka hesabu yake jioni. Anachokula ni kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharagwe, na kinywaji cha kuongeza nguvu kilichojaa sukari na kafeini. Kikomando chenyewe sikilaumu. Ukigeuza vipimo, maharagwe yakawa mengi na chapati moja badala ya tatu, ni chakula kizuri. Lakini kafeini jioni inanyang'anya usingizi, na usingizi ulionyang'anywa tumeshaona hulipwa wapi.

Wapo watakaoniambia kwamba unene katika nchi hii ni heshima tangu enzi. Ni kweli. Wahima wa Ankole waliwanywesha mabinti maziwa mpaka wanone kabla ya kuolewa, na ng'ambo ya mto Kagera, Karagwe, mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alikuta wake wa mfalme Rumanika walionona kwa maziwa hata kusimama ni shida, akaomba ampime shemeji mmoja wa mfalme, naye mnene vivyo hivyo, kwa futi. Mzungu na futi yake! Lakini ule ulikuwa unene wa kulishwa kwa amani, ukienea mikono, mapaja na nyonga. Kitambi kilichochomoza juu ya miguu myembamba kina hadithi nyingine, na kukiita neema ni kujidanganya.

Hata nyani wametutangulia katika somo hili. Amboseli, Kenya, ambako Jeanne Altmann na wenzake wamefuatilia nyani tangu 1971, kundi moja lilihamia karibu na jalala la hoteli ya watalii. Nyani wa jalalani walitembea kidogo, wakala mabaki, wakanenepa, na insulini ikapanda kuliko ya wenzao wa porini. Maasai Mara nako, kundi alilolichunguza Robert Sapolsky lilipoteza madume yake makali katika miaka ya 1980 kwa kula nyama yenye kifua kikuu, nayo ikitoka kwenye jalala la hoteli. Waliobaki walikuwa wapole, na baada ya hapo hata nyani wa ngazi ya chini hawakuonyesha ile homoni ya hofu kama walivyo wanyonge wa makundi mengine. Hakuna aliyewapa vidonge. Wagomvi waliondoka.

Sisi hatuwezi kusubiri wagomvi waondoke. Nimempa yule mama ushauri gani basi? Mmoja tu, na haukumgharimu shilingi: maharagwe ya usiku ayapike yatoshe kubaki, ale kikombe kimoja saa nne asubuhi kabla ya jembe, hata kama roho imefungwa. Maharagwe hupandisha sukari ya damu polepole na hukaa tumboni, hivyo njaa ya saa tatu usiku inakuja imetulia. Dodo, yaani mchicha, limejiotea nyuma ya nyumba yake, dagaa wa mafungu wanapatikana sokoni, na ziwani kuna ngege kwa siku ya bahati. Sukari ameshuka hadi kijiko kimoja na nusu kwa malalamiko mengi. Kuhusu usingizi nilikuwa sina la kumwambia, ila kwamba majirani zake watatu nao huwa macho saa nane. Sasa wanakutana jioni kusuka mikeka na kuongea kabla ya kulala. Nasikia wanaongea sana.

Nina ombi pia kwa wanaoendesha vituo vya afya, Nakivale na Mbarara. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda ana presha, na wengi wao hawakuwa wakijua. Mizani ipo, kipima presha kipo. Ongezeni futi ya fundi, ambayo haigharimu zaidi ya soda, na mgonjwa akishapimwa kiuno aulizwe maswali mawili kabla ya kukaripiwa kuhusu ulaji: unalala saa ngapi, na nini kinakuamsha?

Wewe unayesoma nyumbani huhitaji hata futi. Chukua uzi, ukanyage ncha moja kwa kisigino, mtu akukatie ncha ya pili usawa wa utosi. Ukunje katikati, halafu uzungushe nusu hiyo tumboni juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta pumzi ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, uko salama kiasi. Zisipokutana, kapime presha na sukari wiki hii.

Wangu fundi aliukata kutoka kwenye gurudumu la uzi mweusi, wale wateja wawili wakishuhudia. Ulibaki wazi upana wa vidole vitatu. Suruali nimemwambia aipanue kwa sasa, ila kitambaa cha ziada akiache ndani.